Saa Moja, Saa Nane, Saa Tatu

Kitabu cha kituo kina visanduku vitatu kwa siku:
saa moja asubuhi, saa nane mchana, saa tatu usiku.
Miaka ishirini na sita nakijaza kwa penseli,
maana wino huku juu huganda hadi mwezi wa nne.
Joto. Upepo. Mawingu. Kina cha theluji.
Yanayotokea katikati hayakutengewa kisanduku.

Leo saa moja: nyuzi mbili, upepo hakuna,
anga jeupe kama maji yaliyooshea mchele.
Nikaandika, nikafunga kibanda cha vipimajoto,
nikateremka kununua mkate.

Ndipo Marta akaamka.
Huku Rodope Machi si mwezi, ni bibi kizee
mwenye kaka wawili waliomnywea divai yake yote.
Akisahau, hucheka.
Akikumbuka, hata ndoo haina pa kujificha.

Nikiingia kwa Hristina, mafundi wa paa wamevua mashati.
Nikilipa, mvua ya mawe.
Nikihesabu chenji, jua,
na mafundi wako juu ya paa, wanavaa na kuvua,
wakitukana kwa zamu.

"Nedyalko!" Stoyanka ananiita barazani kwake.
"Kitabu chako kimesemaje leo?"
"Shwari, mama."
"Shwari! Basi njoo unishikie ncha ya hiyo shwari."

Tukaanua shuka. Upepo ulikuwa umeshaipitia,
imekauka kwa baridi, ngumu kama ubao wa mlango.
Tuliibeba hivyo hivyo, kama watu wanaohama,
haikupita mlangoni mpaka tulipoivunja kiuno.

Stoyanka naye ana nyuzi mbili,
nyekundu na nyeupe, zimesokotwa kwenye kifundo cha mkono,
tangu siku ya kwanza ya mwezi.
Desti ni kuzivaa mpaka umwone korongo.
Korongo hapandi huku, ana akili zake.
Kwa hiyo husubiri mti uchanue,
na jana jioni mplamu wa nyuma ya jiko
ulifungua tawi moja tu, lile linaloegemea dohani.
"Nitalifunga mchana," akasema, "Marta akilala."

Saa nane: nyuzi kumi na moja. Jua. Upepo hafifu.
Niliandika kwa mwandiko mzuri.

Saa tisa na robo ilishuka theluji,
nzito, yenye maji, kama kuku aliyenyonyolewa na mtu mwenye hasira.
Basi la Plovdiv lilirudi kinyumenyume kutoka konani.
Mafundi walishuka, mmoja akiwa na shati la mwenzake.
Na Rumen, mtoto wa Stoyanka,
aliyewatoa kondoo tangu Jumanne akiamini lile jua,
alifika saa kumi na moja, koti limefura kifuani
kama mjamzito.
Ndani mlikuwa na wanakondoo wawili.
Mmoja alikuwa hai.

Hakuna aliyezungumza.
Stoyanka alichukua ile shuka, sasa imelainika,
akamviringisha mwenye pumzi, akamlaza mbele ya jiko.
Yule mwingine Rumen alimshika kwa muda,
kisha akatoka naye nje.

Mama yake akamfuata hadi kwenye mplamu.
Maua na theluji vilikuwa vimekaa pamoja, havitengani.
Alifungua uzi kwa meno,
akaufunga pale pale, bila kupangusa kitu.

Jua likarudi kabla ya kuzama, likalamba kila kitu.

Saa tatu usiku: uzi mmoja chini ya sifuri.
Mawingu hakuna. Upepo hakuna. Kina cha theluji: sifuri.
Ukisoma visanduku vyangu vitatu,
utasema siku ilikuwa njema, ungetamani kuwapo.

Pembeni mwa ukurasa ni marufuku kuandika.
Niliandika: mwanakondoo, mmoja.
Sofia watapiga simu kuuliza hicho ni kipimo gani.
Sikuandika ni yupi.